NeST na mashuka 600: tathmini ya mtumiaji mdogo

Kikundi chetu kina wanawake 14, cherehani 9 na chumba kimoja cha kupanga mjini Morogoro. Tunashona mashuka, mapazia na sare, na kwa miaka mingi wateja wetu walikuwa nyumba za wageni, shule binafsi na wenye harusi. Serikali tuliiona kuwa mteja wa watu wengine. Tulijua kwamba hospitali na vituo vya afya hununua mashuka kila mwaka, lakini habari za zabuni zilitufikia zikiwa zimekwisha kufungwa, tena kwa mdomo wa mtu aliyesikia kwa mtu. Mimi ndiye katibu wa kikundi, na ndiye niliyepewa jukumu la kujifunza NeST, yaani mfumo wa taifa wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Tumeutumia kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, tumeshindwa zabuni, tumeshinda zabuni, tumepeleka mzigo na tumelipwa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vikundi na wafanyabiashara wadogo wanaojiuliza kama inafaa kujisajili. Kwa maoni yangu inafaa sana, ingawa kuna jambo moja zito ambalo ni lazima mtu alijue kabla ya kukopa fedha za kununulia kitambaa.

Mfumo huu ulianza kutumika Julai 1, 2023, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo taasisi zote za umma zilitakiwa kununua kupitia humo, mfumo wa zamani wa TANePS ukafungwa. TANePS ilijengwa na kampuni ya nje. NeST ni kazi ya wataalamu wa hapahapa nchini, chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Baada ya hapo ikaja sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2011, ilianza kutumika Juni 17, 2024, na Kanuni zake zikafuata Julai 1, 2024. Wengi huzungumzia zaidi kipengele kinachowatengea wakandarasi wazawa miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50, na ni kweli kwamba hilo ni jambo kubwa, lakini kwa sisi wa cherehani uzito uko kwingine. Uko katika asilimia 30 ya ununuzi wa kila mwaka ambayo kila taasisi nunuzi inapaswa kuitengea makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na uko katika ukweli kwamba sasa zabuni hizo hutangazwa mahali pamoja ambapo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuziona.

Usajili ndio hatua ambayo wengi huiogopa bila sababu. Unaanza na namba ya mlipa kodi, na taarifa nyingi ambazo Serikali inazo tayari hazikulazimu kuzipeleka upya kwa karatasi zilizogongwa mihuri, kwa sababu mfumo umeunganishwa na taasisi kama TRA ya kodi na BRELA ya usajili wa biashara. Kikundi cha makundi maalum kinapitia pia kwa taasisi inayokisimamia, na kwetu sisi hatua ya kwanza ilikuwa ofisi ya maendeleo ya jamii, ambako tulitakiwa kuonyesha katiba, orodha ya wanachama na akaunti ya benki. Halafu unachagua aina za biashara unazofanya, unaingiza watumishi wako, vifaa ulivyo navyo na kazi ulizowahi kufanya. Sehemu hii ilinichukua jioni nne. Mwenyekiti wetu aliniuliza kwa nini ninaandika hadi cherehani ya kudarizi ambayo haijawahi kutumika katika kazi ya hospitali, nikamjibu kwamba unachokiandika mara moja hapa ndicho utakachokichota kila unapoomba, na usichokiandika kitakuwa kama hakipo. Miezi mitatu baadaye ilitokea zabuni ya sare zenye nembo, na cherehani ile ikatusaidia.

Hapa niseme jambo ambalo limewaumiza wenzetu. Vikundi vingi humkabidhi kijana wa steshenari kila kitu, pamoja na nywila, kwa sababu yeye ndiye anayejua kompyuta. Ninaomba sana jambo hili liachwe. Akaunti ya NeST ni sahihi yenu. Anayeingia humo anaweza kutaja bei kwa jina lenu, kukubali masharti kwa jina lenu na kutia tamko la dhamana ya zabuni, ambalo ni ahadi kwamba hamtajitoa baada ya zabuni kufunguliwa, na kampuni au kikundi kinachovunja ahadi za namna hiyo kinaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma. Mlipeni kijana awafundishe, kaeni naye kiti kwa kiti, lakini nywila ibaki kwenu. Sisi tuna wanachama wawili wanaoijua, na jina la kila aliyeingia na siku aliyoingia tunaliandika kwenye daftari la kikundi.

Zabuni yetu ya kwanza tulishindwa, na ni kushindwa huko kulikonifanya niupende mfumo. Ilikuwa zabuni ya mashuka ya wodi. Bei yetu ilikuwa ya pili kwa unafuu, jambo ambalo tulilijua siku ileile zabuni zilipofunguliwa, kwa sababu zabuni hufunguliwa ndani ya mfumo kwa saa iliyotangazwa na kila aliyeshiriki huona majina na bei za wenzake. Baadaye ikaja notisi ya kusudio la kutoa tuzo. Sheria inaitaka taasisi imweleze kila aliyeshindwa nani ameshinda, kwa bei gani, na yeye mwenyewe ameangukia wapi. Sababu yetu ilikuwa mstari mmoja: uzito wa kitambaa haukutajwa. Masharti yalitaka kitambaa cha pamba cha gramu 150 kwa mita ya mraba, nasi tuliandika «pamba nzito ya daraja la kwanza», maneno ambayo mteja wa nyumba ya wageni huyaelewa vizuri, lakini kamati ya tathmini haiwezi kuyapima.

Zamani tungeondoka tukisema kwamba tumeonewa, na pengine tungeamini hivyo mpaka leo. Safari hii tulikuwa na mstari wa kuufanyia kazi. Tatizo likawa kwamba maduka ya jumla tuliyonunulia hayakuwa na namba hiyo. Muuzaji huubana utepe wa kitambaa kwa vidole viwili na kukuambia kuwa ni mzito. Mama mmoja wa kikundi, ambaye zamani alifanya kazi kiwandani, ndiye aliyetufundisha njia. Unakata kipande cha mraba chenye sentimita 10 kila upande, unakipima, na gramu utakazopata unazizidisha kwa 100. Mizani ya jikoni haioni kitu chepesi namna hiyo, kwa hiyo tukaenda kwa sonara, ambaye alikipima kipande chetu kwa mizani ya dhahabu na kutupa jibu la gramu 1.3. Kitambaa tulichokisifu kuwa daraja la kwanza kilikuwa na gramu 130. Kamati ilikuwa na haki ya kutuacha, na wagonjwa wangelalia mashuka yanayochanika baada ya kufuliwa mara chache. Tangu siku hiyo hatununui jora bila kupita kwa sonara, na hata wateja wetu wa nyumba za wageni wamenufaika.

Ninakaa juu ya kisa hiki kwa sababu watu wengi hupima sheria ya ununuzi kwa kuuliza kama imezuia rushwa. Swali hilo ni la haki, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zipo kwa ajili yake. Lakini kwa mzalishaji mdogo kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kufundishwa kazi na mnunuzi mkubwa. Masharti yaliyoandikwa vizuri na sababu ya kushindwa iliyotolewa kwa uwazi vimetunyanyua kiwango kuliko semina tulizohudhuria.

Kuhusu malalamiko, sheria mpya imepunguza muda. Dirisha la kulalamika baada ya notisi ya kusudio la kutoa tuzo lilikuwa siku saba za kazi, sasa ni siku tano. Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, nayo ilikuwa na siku 45 za kuamua rufaa, sasa ina siku 40. Ninaelewa kwa nini imefanywa hivyo: kila siku ambayo zabuni inakaa kwenye mgogoro ni siku ambayo wodi haina mashuka. Aidha, malalamiko na rufaa sasa vina moduli yake ndani ya NeST, kwa hiyo mtu wa Morogoro au wa Kigoma halazimiki kupanda basi kwenda Dodoma kupeleka makaratasi, na hilo peke yake linaokoa siku mbili. Hata hivyo siku tano za kazi ni chache kwa kikundi. Kampuni yenye mwanasheria huanza kuandika saa ileile notisi inapoingia. Kikundi kinapaswa kuitisha kikao, kumweleza kila mwanachama, kutafuta mtu wa kusoma vifungu, kisha kuamua kama kuna hoja. Kama kuna mahali ambapo makundi maalum yangestahili upendeleo ndani ya sheria hii, zaidi ya ile asilimia 30, ningesema ni hapa: wapewe siku mbili zaidi. Mpaka hilo litakapotokea, ushauri wangu ni kwamba mtu mmoja kikundini awe na kazi ya kuufungua mfumo kila asubuhi, pamoja na barua pepe, kuanzia siku zabuni inapofunguliwa. Notisi haisubiri msiba uishe wala mtu arudi kutoka shamba.

Lugha nayo ina nafasi yake. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nyaraka za zabuni, kwa sehemu kubwa, bado ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha mikataba ambacho hata mimi niliyesoma uhasibu hukisoma mara tatu. Katika kikundi chetu wanaojua kitambaa hawakijui Kiingereza hicho, na wanaokijua Kiingereza hawajui kitambaa, na makosa huzaliwa katikati yao. Nimejiwekea utaratibu wa kutafsiri masharti ya kiufundi kwenye karatasi moja na kuyasoma kwa sauti mbele ya wote kabla hatujajaza bei. Siku ya kwanza tuliyofanya hivyo, fundi mmoja alinisimamisha kwenye neno linalohusu pindo akasema kwamba kushona pindo la aina hiyo kunachukua uzi mara mbili. Bei yetu ilibadilika palepale. Zabuni zilizotengwa kwa makundi maalum zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia kuandika nyaraka kwa Kiswahili kikamilifu, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo kazi yenyewe inafanyiwa.

Sasa nifike kwenye jambo zito nililolitaja mwanzoni. Zabuni ya pili tulishinda: mashuka 600 kwa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Mkataba ulisainiwa ndani ya mfumo, na ulitupa siku 30 za kupeleka mzigo. Tulikopa kwenye VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, fedha za majora 40, tukashona kwa zamu hadi saa nne usiku, na siku ya 26 mzigo ulikuwa stoo. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilihesabu, ikapima, ikasaini. Tukawasilisha ankara na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mkataba ulisema tutalipwa ndani ya siku 30. Tulilipwa baada ya miezi mitano. Katika miezi hiyo nilikwenda katika ofisi zile mara 11, na kila mara niliambiwa, kwa upole, kwamba faili lipo kwa mtu mwingine. Wanachama wawili waliuza mbuzi ili kulipa riba ya mkopo, na mmoja aliacha kikundi. Ninayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na muuguzi mmoja alitupigia simu kutushukuru.

Nimejiuliza sana kama ni haki kuulaumu mfumo kwa kosa la mlipaji. Si haki, kwani aliyechelewa ni taasisi moja yenye viongozi wake. Lakini mtu anayetathmini huduma ya ununuzi anapaswa kuitathmini hadi mwisho wake, na mwisho wa ununuzi ni malipo. Angalia jinsi muda unavyotendewa katika nusu ya kwanza ya safari. Zabuni inafungwa saa nne kamili asubuhi, na ukichelewa kwa dakika moja hakuna wa kukufungulia, awe mwenyekiti wa kikundi au mkurugenzi wa kampuni kubwa. Ukali huo ndio unaotupa imani, kwa kuwa ni uleule kwa wote. Ninachokiomba ni ukali huohuo uendelee baada ya mzigo kupokelewa. Moduli ya usimamizi wa mikataba ipo, tarehe ya mapokezi ipo, tarehe ya ankara ipo, na Serikali ina MUSE, mfumo wake wa ulipaji. Basi saa ile inayohesabu muda wa mzabuni ianze kuhesabu muda wa mnunuzi siku ankara inapoingia, na idadi ya siku ambazo kila taasisi imechelewa ionekane na kila mtu anayefikiria kuomba zabuni yake, jinsi bei zetu zinavyoonekana siku ya ufunguzi. Mfanyabiashara akiijua taasisi isiyolipa kwa wakati, atapima mwenyewe kama akope au apishe.

Riba ya ucheleweshaji ni haki inayoandikwa kwenye mikataba, nasi tulikuwa nayo kwenye wetu. Hatukuidai. Tuliogopa kwamba tukiidai hatutapata kazi nyingine pale, na ninaamini vikundi vingi vimekaa kimya kwa hofu hiyohiyo. Kama hesabu ya riba ingejiandika yenyewe bila kikundi kuandika barua ya kuidai, hofu isingekuwa na pa kuingilia. Asilimia 30 iliyotengwa kwa ajili yetu ni kitu kizuri, na majirani zetu Kenya wana utaratibu unaofanana nao wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni, lakini kikundi kidogo kinachocheleweshewa malipo miezi mitano kinakuwa kimeikopesha Serikali fedha za VICOBA, na hakuna kikundi kinachoweza kuendelea hivyo mara tatu.

Kwa anayetaka kuanza, nina maneno machache ya vitendo. Anza na manunuzi madogo ya ulinganishaji wa bei kabla ya kugusa zabuni kubwa, ili upate uzoefu wa kuingiza kwenye wasifu wako. Chagua zabuni zilizogawanywa katika mafungu, kwa sababu fungu la mashuka ya kituo kimoja cha afya mnaweza kulibeba, ilhali mashuka ya mkoa mzima yatawazamisha. Usishushe bei ili tu uwe wa kwanza. Sheria inataka taasisi inunue kwa bei inayolingana na soko, na bei iliyo chini ya gharama itakulazimu kupunguza ubora au kuvunja mkataba. Wasilisha siku mbili kabla ya muda kuisha, umeme ukiwa upo. Tumia haki ya kuomba ufafanuzi: swali lako na jibu lake huwafikia wazabuni wote, na mara nyingi wengine walikuwa na swali hilohilo wakaona aibu kuuliza. Na kabla ya kununua kitambaa chote, zungumza na benki au halmashauri yako kuhusu mtaji, ikiwemo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo hugawiwa kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, ili mtaji wa kushonea usitoke kwenye fedha za chakula cha nyumbani.

Kama ningetakiwa kutoa alama, ningeupa mfumo tisa kati ya kumi kwa namna unavyomwingiza mtu mdogo kwenye ushindani, nane kwa namna unavyompa taarifa anaposhindwa, na kwa kipande cha malipo ningeacha nafasi wazi hadi saa ile ya kuhesabu muda wa mnunuzi iwepo. Sisi hatujaacha kuomba. Wiki hii tunayo zabuni nyingine ya mashuka, safari hii ya hospitali, inayofungwa Alhamisi saa nne asubuhi. Masharti yanataja gramu 160 kwa mita ya mraba bila kusema kama ni kabla au baada ya kufuliwa, na kitambaa cha pamba hurudi, yaani husinyaa, kikifuliwa. Tumeshaomba ufafanuzi, kipande kimoja kimepimwa kikiwa kikavu kutoka dukani na kingine kimefuliwa mara tatu, kinakauka kwenye kamba, kesho kinakwenda kwa sonara.